Mkorogo wa Kompyuta: Tathmini ya Huduma ya Studio ya Picha za Harusi Dar es Salaam

Tathmini hii inahusu studio ya picha iliyopo Dar es Salaam ambayo familia yetu iliilipa ipige picha za sendofu na harusi ya mdogo wangu. Kwa kifupi, upigaji picha wake ni wa kiwango cha juu, uhariri wake ni wa kumdhalilisha mwanamke, na pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu badala ya kuacha nyota tatu na kuendelea na shughuli zangu. Sitaitaja studio kwa jina, kwa sababu kasoro ninayoieleza nimeiona pia katika albamu za majirani, za wafanyakazi wenzangu na za ndugu walioolewa Arusha na Mombasa, na haitakuwa haki kumnyooshea mmoja kidole kwa jambo ambalo limekuwa desturi ya fani nzima.

Pakeji tuliyoichagua ilikuwa ya shilingi 1,200,000, nusu ikilipwa kabla ya shughuli na nusu siku ya kuchukua kazi. Ndani yake mlikuwamo wapiga picha wawili, albamu moja kubwa yenye jalada gumu, picha mbili za ukutani zenye fremu, na picha zote zilizohaririwa zikiwa kwenye flashi. Risiti ilisema kwamba picha zitahaririwa, bila kueleza ni nini kitakachobadilishwa wala kwa idhini ya nani. Kazi ilikabidhiwa kwa wakati tulioahidiwa, albamu ilifungwa vizuri, kurasa zake ni nzito, na hakuna aliyetuzungusha kwa njoo kesho. Mtu anayetafuta hayo tu ataridhika.

Mpiga picha mkuu ni mtu anayeijua kazi yake, na ustadi wake ulionekana zaidi mahali ambapo wengi hushindwa. Bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe ni mtihani kwa kamera yoyote: ikiachwa ijipimie yenyewe, kamera huhesabu mwanga unaorudi kutoka kwenye gauni, hudhani eneo lote limewaka, hupunguza mwanga, na uso wa mwenye gauni hubaki kiza chenye macho na meno tu. Bwana huyu alipima mwanga usoni pa mdogo wangu, akaweka taa moja pembeni nyuma ya kitambaa cha kulainisha mwanga na nyingine ndogo nyuma ya bega, akakubali gauni lipoteze sehemu kidogo ya nakshi zake ili uso upate haki yake. Matokeo tuliyaona palepale kwenye kioo cha kamera: ngozi nyeusi yenye vivuli vyake vyote, mng'ao juu ya shavu, mstari wa wanja, na kile kishimo kidogo cha kidevuni ambacho mdogo wangu alikirithi kwa baba.

Ustadi huo una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu teknolojia ya picha haikutengenezwa kwa kumfikiria mwanamke kama huyu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley kutokana na mwanamitindo wa kwanza aliyepigwa, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kulinganishia rangi: Shirley akitoka vizuri, basi mashine imekaa sawa. Filamu za wakati huo zilishindwa kutofautisha vivuli vya rangi za kahawia na nyeusi, na watafiti wa historia hiyo wameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuzirekebisha ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa kwenye matangazo. Mbao na chokoleti zilipata wa kuzisemea kabla ya nyuso za watu. Na jambo hilo halijawa la zamani sana, kwa maana hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza, kama sifa mpya ya simu zake za Pixel 6, uwezo wa kuonyesha rangi mbalimbali za ngozi kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam anayejua kuiwekea ngozi nyeusi mwanga wake anastahili heshima, nami ninampa.

Dosari ya kwanza ilijitokeza kabla hata ya kompyuta kuwashwa, nayo ni namna wanawake walivyoelekezwa kusimama. Bwana harusi aliambiwa asimame wima, miguu imeachana, mkono mmoja mfukoni, atazame kamera. Bibi harusi aliambiwa ageuze kiuno, alaze kichwa upande, ashushe macho, aguse shingo yake kwa ncha za vidole na kurudisha nyonga nyuma "ili shepu itoke". Wasimamizi wake nao wakapangwa hivyohivyo, wakiwa wamepinda goti moja. Katika miaka ya 1970 mwanasosholojia Erving Goffman alichambua mamia ya picha za matangazo ya biashara akaonyesha kwamba mpangilio huu hujirudia: mwanaume hukishika kitu kwa mkono mzima, mwanamke hukigusa kwa ncha za vidole au hujigusa mwenyewe, mwanaume husimama imara, mwanamke hupinda goti au kichwa katika mkao unaosomeka kama wa kukubali kuwa chini. Katika muongo huohuo, mwaka 1975, mwanazuoni wa filamu Laura Mulvey wa Uingereza aliandika kwamba kamera ya sinema hutazama kutoka mahali pa mwanaume, na mwanamke huwekwa mbele yake ili atazamwe. Hoja hizo ni za matangazo na filamu za nchi za Magharibi, lakini kwa yeyote aliyewahi kusimama pembeni wakati wa picha za harusi hapa kwetu, hazihitaji kutafsiriwa. Nilipoipitia albamu ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta picha ambazo mdogo wangu anatazama mtu au kitu kwa hiari yake, nilizipata zile tu ambazo hakupangwa: akimcheka shangazi aliyekosea hatua za kuingilia, akimkazia macho mshereheshaji aliyechelewesha keki, akimlisha bibi. Hizo ndizo picha bora katika kazi nzima, na karibu zote zimewekwa kurasa za mwisho, zikiwa ndogo.

Lakini ni kwenye uhariri ndipo huduma hii ilipoharibika. Baadaye tulipata faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera, nikazilinganisha na za albamu moja baada ya nyingine, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Ngozi ya bibi harusi imepandishwa weupe kiasi kwamba uso haulingani tena na masikio. Alama ya chanjo ya kifua kikuu begani, ambayo karibu kila mtu wa rika letu anayo, imefutwa, na mikunjo ya shingo imefutwa. Piko aliyochorwa mikononi, maua madogo yenye mistari myembamba aliyoikalia usiku mzima bila kushika kitu, imeyeyuka ikawa madoa, kwa kuwa programu ya kulainisha ngozi haitofautishi ua la piko na chunusi. Katika picha kubwa ya ukutani kiuno kimebanwa, mikono ya juu imepunguzwa unene na nyonga zimepanuliwa, na ushahidi upo nyuma yake: mapazia ya ukumbi, ambayo yana mistari iliyonyooka kutoka darini hadi sakafuni, yanapinda kuingia ndani yanapopita usawa wa kiuno chake, kisha yanapinda kutoka nje yanapofika nyongani.

Lililoniuma zaidi ni picha ya bibi yetu. Bibi ni Mmakonde wa Newala, na usoni ana chale alizochanjwa akiwa msichana, mistari ya pembe juu ya mashavu na kwenye paji la uso, ambayo kwa watu wa rika lake ilieleza yeye ni nani na ametoka kwa akina nani. Katika albamu chale hizo zimefifishwa hadi hazisomeki, na makunyanzi yameondolewa pamoja nazo. Sidhani kwamba mhariri alikusudia kufuta asili ya mtu; alibofya kitufe kilekile alichowabofyia wanawake wote waliokuwamo katika faili. Na hapo ndipo ubaya ulipo, kwamba programu ina wazo moja tu la uso wa mwanamke, na bibi aliyezeeka kwa heshima zake anasahihishwa kwa wazo hilohilo la msichana wa tangazo la losheni.

Wanaume hawakuguswa. Baba mdogo amebaki na mvi zake, kitambi chake na kovu lake la ajali ya pikipiki. Bwana harusi ana vipele vya wembe chini ya kidevu, navyo vimeachwa vilivyo. Nilimwuliza mhariri sababu, akanijibu bila kusita kwamba mwanaume akilainishwa sana haonekani mwanaume. Sikuhitaji maelezo zaidi. Kwa mwanaume, alama ambazo maisha yamemwekea ni sehemu ya yeye alivyo na zinampa haiba. Kwa mwanamke, alama hizohizo ni kasoro ambayo mtu mwingine ana wajibu wa kuiondoa kabla picha haijaonekana na watu. Kinachonisikitisha ni kwamba kanuni hii haijaandikwa popote, hakuna aliyeifundisha darasani, na bado mhariri huyu, msimamizi wake na wahariri wa studio za jirani wote wanaifuata bila kukosea.

Kuhusu weupe, nchi yetu ilishafanya uamuzi wake. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Rwanda nayo ilianza msako mkali wa krimu za kuchubua ngozi mwishoni mwa mwaka 2018. Sababu zinazotolewa ni za kiafya, na ni za kweli, kwa kuwa zebaki hudhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa meusi ambayo hayatoki kwa urahisi. Lakini sababu inayompeleka mwanamke kununua mkorogo haimo ndani ya kopo. Ipo kwenye bango la barabarani, kwenye runinga, kwenye jalada la jarida, na sasa kwenye albamu ya harusi yake mwenyewe, ambako anaonyeshwa kwamba yeye aliye mzuri ni yule aliye mweupe kuliko yeye. Studio inafanya kwa brashi ya kompyuta kile ambacho duka la Kariakoo likikifanya kwa krimu bidhaa zake zitakamatwa, na hakuna mkaguzi anayepita. Ngozi haiungui, hilo nalikubali. Hata hivyo picha inabaki ukutani sebuleni, na mtoto wa kike atakayezaliwa katika nyumba hiyo ataitazama, kisha atamtazama mama yake, kisha atajitazama kwenye kioo, na hatahitaji kuambiwa ni ipi kati ya sura hizo tatu ambayo wazazi wake waliilipia fremu.

Nywele nazo hazikusalimika. Binamu yetu aliyekuja na nywele zake fupi za asili, zilizochanwa tu na kupakwa mafuta, alikuta kichwa chake kimechongwa ukingoni na vinyweleo vyote vya kwenye paji la uso vimefutwa. Jambo hili limewahi kumkuta hata mtu ambaye sauti yake inasikika dunia nzima. Novemba 2017 mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya alilalamika hadharani kwamba jarida la Grazia la Uingereza lilikuwa limemweka kwenye jalada baada ya kufuta sehemu ya nywele zake na kulainisha nyingine ili zilingane na wazo la Kizungu la nywele nzuri. Mpiga picha na jarida wakaomba radhi. Binamu yetu hana jukwaa la namna hiyo. Ana nakala ya picha iliyokwisha kuchapwa.

Nyonga zilizopanuliwa zinahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu watu wengi huzichukulia kuwa ni sifa. Studio ilipoulizwa ilijitetea kwamba haimgeuzi mtu kuwa Mzungu, kwa kuwa Wazungu wanataka wembamba na sisi tunapenda umbo namba nane. Kipimo ni tofauti, nakubali, lakini bado ni kipimo, na bado kimeshikwa na mtu asiyekuwa mwenye mwili. Isitoshe, mwanamke wa Kiafrika ameshawahi kustaajabiwa kwa umbo hilo na kuangamizwa kwa staajabu hiyohiyo. Sara Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi wa Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa kiingilio kwa sababu ya makalio yake, akafia Paris mwaka 1815, na mabaki yake yakaendelea kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la Ufaransa hadi miaka ya 1970. Ilikuwa mwaka 2002 ndipo aliporudishwa na kuzikwa kwao. Wala hatuwezi kusema kwamba hayo yalikuwa ya wakoloni pekee. Februari 2019 waziri wa nchi anayeshughulikia utalii nchini Uganda, Godfrey Kiwanda, alitangaza shindano la wanawake wenye maumbo makubwa, akiwataja kuwa kivutio cha kuongeza watalii, na wanawake wengi wa nchi hiyo wakapinga kwa hasira kuwekwa kundi moja na wanyama wa hifadhini. Miaka mitano kabla ya hapo, katika nchi hiyohiyo, kupitishwa kwa sheria dhidi ya ponografia kulifuatiwa na wanawake kushambuliwa mitaani kwa kuvaa sketi fupi. Mwili uleule ulikuwa aibu ya taifa mwaka 2014 na rasilimali ya taifa mwaka 2019, na katika nyakati zote mbili wenye miili hawakuulizwa.

Malalamiko yetu yalipokelewa kwa adabu, na hilo niliseme wazi. Mhariri ni kijana mtulivu, alituwekea viti, akafungua faili na kutuonyesha alichofanya hatua kwa hatua. "Dada, sisi hatumlazimishi mtu," alisema. "Wateja wenyewe wakiona picha ghafi wanasema wamechakaa, wanaomba tuwatengeneze." Nilimjibu kwamba mdogo wangu hakuomba, na bibi ndiyo kabisa hakuomba, lakini sikuona kwamba anadanganya. Wanawake wanaomba. Mdogo wangu mwenyewe aliipenda picha moja ambayo chunusi zilizomtoka wiki ya harusi zimeondolewa, nami sioni ubaya wowote hapo: chunusi ilikuja na ikaenda, na mwenye uso ndiye aliyeamua. Kumlaumu mwanamke anayeomba kulainishwa ni kumwadhibu mara mbili, kwa sababu amefundishwa kujiona hivyo kabla hajafika studio. Simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina hali ya urembo katika kamera ya mbele, nyingine zikiwa zimewashwa tayari toka kiwandani, kwa hiyo msichana hukua akiiona sura yake iliyolainishwa mara nyingi kuliko anavyoiona kwenye kioo. Halafu anaingia mapokezi ya studio na kukuta albamu za mfano mezani, na maharusi wote waliomo ni weupe, wembamba wa kiuno na wapana wa nyonga. Anachoomba baada ya hapo ni kile alichoonyeshwa kwamba kinawezekana kuombwa. Studio ingeweka mezani albamu moja tu ya bibi harusi mweusi aliyeachwa na weusi wake, na mwingine mnene aliyeachwa na unene wake, nina hakika maombi yangebadilika.

Mama hakubishana na mtu. Aliipitia albamu taratibu akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, akafika kwenye picha kubwa ya katikati, akauliza, "Huyu ni nani? Mimi nirudishieni mwanangu." Mwandishi wa Marekani bell hooks alieleza mwaka 1992 kwamba wanawake weusi, waliozoea kutokujiona kwenye filamu au kujiona wamepotoshwa, walijijengea jicho la kupinga, linalotazama huku likihoji. Mama hajawahi kusoma maandishi hayo na hakuyahitaji. Yeye ndiye aliyemzaa aliyepigwa picha, na alijua anachokikosa.

Baba mdogo alisema kwamba haya ya kuhoji picha za wanawake ni mambo ya kuigwa kutoka ng'ambo, na kwa kuwa nimelisikia neno hilo kwa wengi, nalijibu hapa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Unguja, alipoanza kupata jina mjini Zanzibar, washindani wake walimsuta kwa sura yake na kwa kaniki aliyoingia nayo mjini, wakauliza kama si sauti angekula nini. Alijibu kwa shairi kwamba uzuri wa sura si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na watu wa pwani nzima wakamjua kwa kile alichokuwa nacho. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na wanawake wa hapahapa waliochoshwa na namna wenzao walivyoandikwa na kuonyeshwa katika vyombo vya habari, kiliona vema kuliita jarida lake Sauti ya Siti. Hoja hii ina kwao, na kwao ni huku.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya sheria. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, inataka picha ya tangazo ambamo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa iandikwe kwamba imerekebishwa, na faini yake inaweza kufika yuro 37,500. Norwei iliweka sharti linalofanana na hilo kuanzia Julai 2022, likiwahusu pia watu wanaolipwa kutangaza bidhaa kupitia kurasa zao za mitandao ya kijamii. Lebo pekee haitaponya kitu, kwa maana jicho huishika picha kabla ya kuyafikia maandishi madogo ya pembeni, lakini angalau inamlazimisha mtengenezaji akiri alichofanya. Kwetu hapa hakuna sharti la namna hiyo, na hata lingekuwapo lisingegusa albamu ya familia. Lililopo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ilitusaidia kwa jambo jingine: picha ya mdogo wangu, kiuno kikiwa kimebanwa na ngozi ikiwa imepaushwa, ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa studio kuvutia wateja bila yeye kuombwa ruhusa. Tuliwakumbusha kwamba picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi na kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake, wakaiondoa siku hiyohiyo. Nilifarijika, lakini nilifikiria pia wanawake wengine waliomo katika ukurasa ule, ambao miili yao iliyochongwa inatumika kuwashawishi wengine wachongwe.

Kwa upande wa marekebisho, picha kubwa ya ukutani ilichapwa upya bila malipo kutoka kwenye faili ghafi, ikiwa imerekebishwa mwanga na rangi tu, na picha ya bibi vilevile. Albamu walikataa kuirudia bure, wakisema gharama ya uchapaji walishaibeba, nasi tukaamua kuiacha. Faili ghafi tuliuziwa kwa shilingi 80,000 juu ya bei ya pakeji, baada ya kubembeleza, kwa kuwa sera yao ni kutozitoa kabisa kwa madai kwamba zinaharibu jina la studio. Mimi nadhani ni kinyume chake. Picha zilizotoka kwenye kamera ya yule bwana, kabla ya mtu kuzigusa, zingeijengea studio jina ambalo uhariri wake unalibomoa.

Nikitafutiwa mpiga picha wa shughuli nyingine nitamtaja huyuhuyu, na nitawaambia wanaomtaka wakubaliane na ofisi yake kwa maandishi kabla ya kutoa nusu ya kwanza. Iandikwe kwamba rangi ya ngozi, umbo la mwili, makovu, chale na nywele haviguswi mpaka mwenyewe aombe, picha kwa picha. Iandikwe kwamba faili ghafi zote zitatolewa pamoja na albamu, na bei yake itajwe. Iandikwe kwamba hakuna picha itakayopandishwa kwenye ukurasa wa studio bila idhini ya aliyemo. Na siku ya shughuli, shangazi au rafiki mmoja apewe kazi ya kukaa karibu na mpiga picha na kumwomba ampige bibi harusi akiwa anaongea, anacheka na anatazama watu wake, kwa sababu akiombwa anafanya, na anafanya vizuri sana. Kwa upigaji picha ninampa nyota tano kati ya tano. Kwa uhariri ninatoa moja, nayo ni ya yule kijana aliyekubali kukaa nasi na kufungua faili, na aliyeniuliza wakati tunaagana ni programu gani anaweza kuitumia kurekebisha mwanga bila kulainisha ngozi. Nilimwelekeza kwa mwenzake anayepiga picha, aliyekaa chumba cha pili, ambaye analijua jibu na hajawahi kuulizwa.